Sifa za Bwana Kosa, Mwanachama wa Mazoezi

Washairi wamekwisha kuusifu mwezi, ambao ungaling'aa hata wao wasingalikuwako; wameisifu asumini, ambayo hainukii zaidi kwa kusifiwa; na wamewasifu wafalme, ambao aghalabu walilipa. Katika ukarimu huo wote wa kalamu sijaona hata ubeti mmoja uliotolewa hidaya kwa yule mtumishi mnyonge asiyekosekana katika chumba chochote ambamo watu wanajifunza muziki pamoja, naye ni Kosa: ile sauti ya fidla iliyoponyoka kidogo juu ya mahali pake, lile pigo la dumbaki lililotangulia wakati wake, ule mshororo ulioanzwa na mwimbaji mmoja hali wenzake wangali wakivuta pumzi. Insafu yataka deni hili lilipwe, nami, kwa kuwa wenye vipaji kunishinda wamelikwepa, nalichukua juu yangu. Na kwa taadhima inayomstahili nitamwita Bwana Kosa.

Kaida ya kumsifu mtu ni kuanza na nasaba, na nasaba ya Bwana Kosa katika taarabu ya Unguja ni kongwe. Husimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga kanuni. Na kwa kuwa kanuni ni ala yenye nyuzi zipatazo 78, zilizopangwa tatu tatu kwa kila sauti, hapana shaka Bwana Kosa alikwenda naye safari ile bila ya kualikwa. Chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilipoundwa mwaka 1905 alihudhuria, ingawa jina lake halikuandikwa daftarini. Na chama cha Culture kilipozaliwa mwaka 1958, yeye alikuwa amekwisha kuwa mzee wa mji, mwenye haki ya kukaa kitako popote palipotandikwa mkeka na kuwekwa ala.

Tabia yake ya kwanza ni uaminifu wa miadi. Katika chama cha wanagenzi, mazoezi yakitangazwa kuanza saa mbili baada ya sala ya Isha, mpiga udi atatokea saa mbili na nusu, mpiga akordiani saa tatu kwa udhuru wa mgeni, na mwenye ufunguo wa chumba atatafutwa barazani kwa watu. Bwana Kosa amekwisha kufika. Hadai nauli, hanuni wimbo wake mzuri ukipewa mwingine aimbe, wala habagui watu kwa jaha: humtembelea mwenyekiti kama anavyomtembelea kijana aliyejiunga juzi, na pengine humtembelea mwenyekiti mara nyingi zaidi, maana kijana hujizoeza nyumbani.

Tabia yake ya pili ni elimu. Nyuzi mbili za udi zilizokusudiwa kutoa sauti moja, moja ikitetema mara 220 kwa sekunde na ya pili mara 222, sikio husikia wimbi likipanda na kushuka mara 2 katika kila sekunde. Na wimbi lile si kingine ila ni Bwana Kosa mwenyewe, akiomba kwa murua kigingi kikazwe au kilegezwe. Kadiri sauti za nyuzi zinavyokaribiana, ndivyo wimbi linavyopunguza mwendo, hata likanyamaza. Ustadhi wa namna hii hatozi ada, walakini ana sharti moja, nalo ni kimya. Chama kinachompa dakika kumi za mwanzo, watu wote wakifunga midomo na kila ala ikipatanishwa na ala moja iliyochaguliwa, hufaidi saa nzima iliyosalia. Na chama kinachomnyima dakika hizo, kila mtu akijaribu nyimbo zake pembeni kwa nguvu, kitamsikia usiku kucha bila ya kujua anasema nini.

Yeye ndiye pia mfasiri kati ya ala zisizofahamiana. Udi na fidla hazina vigawanyo shingoni, kwa hiyo kidole cha mpigaji hutafuta sauti popote, na upana wa punje ya mchele watosha kuitia sauti makosani. Akordiani ina vibonye, na kila kibonye kimekwisha kuamuliwa kiwandani. Sasa sauti ya tatu ya Rasti, mojawapo ya makamu, yaani mipangilio ya sauti za muziki huu, ina makao yake baina ya vibonye viwili: fidla yaweza kuifikia, akordiani haiwezi. Wanagenzi wasiojua jambo hili hulaumiana mwezi mzima, mwenye fidla akidhani sikio la mwenzake ni bovu, na mwenye akordiani akidhani kidole cha mwenzake ni kizito. Kumbe Bwana Kosa amekaa katikati yao akiwaonyesha kwa subira kwamba lililo halali kwa ala hii ni haramu kwa ile, na kwamba yafaa akordiani inyamaze mahali pale, au wimbo ule uhamishiwe makamu nyingine. Mapatano haya huchukua muda mfupi yakifanywa mazoezini. Yasipofanywa, wimbo huharibika kila upigwapo.

Wako wanaomsengenya, na hoja yao wameiazima kwa wahenga, waliosema kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Maneno ni ya haki, lakini na tuulize nani hasa anayerudia. Bwana Kosa hutokea mahali pamoja, katika mshororo wa tatu wa ubeti wa pili, akanyoosha mkono kusema, "Niko hapa." Chama hufanya nini? Hucheka, husimama, kisha huanza upya wimbo mzima tangu bashrafu ya kufungulia, kikapiga kwa raha yale yote kinayoyajua, kikafika mahali palepale na kuanguka vilevile. Baada ya juma nyingi mwanzo wa wimbo umelainika kwa kukanyagwa, na mwisho wake hapana anayeujua. Vidole navyo havina ilimu ya haki na batili: hushika kilichorudiwa, kiwe kizuri au kibaya, na anayepita mara tano juu ya kosa bila kulisahihisha amelifundisha mara tano.

Heshima anayoistahili Bwana Kosa ni kutembelewa nyumbani kwake. Mshororo ule mmoja na utolewe peke yake. Mwendo upunguzwe mpaka nusu, au chini ya nusu ikiwa hapana budi. Dumbaki na rika, yaani tari ndogo, vipige vyenyewe wakati waimbaji wanapiga makofi na kutamka maneno bila mahadhi. Kisha fidla iingie, kisha udi, kila mmoja akisikiwa. Ukipigwa sawasawa mara tatu mfululizo, uunganishwe na mshororo uliotangulia na ule unaofuata, maana Bwana Kosa hupenda sana kuhamia mlangoni, pale ambapo mshororo mmoja unampokea mwenzake. Ndipo mwendo urudishwe kidogo kidogo. Kwa mpango huu nyimbo tatu kwa usiku zatosha, na ya nne iwe ile ambayo watu wameizoea, wapate kwenda kulala na furaha.

Sifa yake haiwezi kutimia bila ya kuwataja mahasimu wake wawili. Wa kwanza ni Kelele, ambaye huajiriwa na wanyonge wa moyo wamfunike: kila mtu akihisi kuteleza hukaza mkono, jirani yake hukaza zaidi asipotee, na mwishowe mwimbaji huonekana akifungua na kufumba mdomo pasipo neno kusikika. Kaida iliyo nyepesi ni kwamba asiyesikia maneno ya mwimbaji amepiga kwa nguvu kupita kiasi. Hasimu wa pili ni Ghururi, ambaye hukaa kwa mwalimu. Mwalimu wa Ghururi humtaja mtu kwa jina mbele ya wenzake na kumtia izara. Usiku wa pili mtu yule huja, akashika upinde wa fidla na kuupitisha juu ya nyuzi bila kuzigusa, na mwalimu akafurahi kwamba kosa limekwisha. Halikwisha ila limejificha. Mwalimu mwenye busara husema, "Fidla, ubeti wa pili, tena," akamwachia mtu uso wake na akamshika Bwana Kosa.

Thamani ya Bwana Kosa, mlezi wetu huyu, huonekana mahali ambapo hana ruhusa ya kuingia. Mwimbaji Siti binti Saad na wapigaji wake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, nta iliyopokea sauti zao haikuwa na namna ya kuondoa pigo moja baya na kuacha mengine: upande mmoja wa sahani, wenye dakika tatu hivi, ulikubaliwa mzima au ulikataliwa mzima. Arusini hukumu ni kali vilevile, maana mgeni aliyeinuka kwenda kutuza hawezi kuambiwa arudi kitini mpaka ubeti usahihishwe. Mbele ya mahakimu kama hao, ni aula Bwana Kosa aje mapema, chumbani, ambako gharama ya ziara yake haizidi kahawa na tende.

Basi, enyi mlioazima udi na kununua dumbaki kwa mchango, mfungulieni mlango kwa wakati, mpeni kimya anapopatanisha nyuzi, mfuateni pale alipo badala ya kumzunguka, wala msimtukane mbele za watu. Chama kisichomkaribisha Bwana Kosa mazoezini kitamkuta jukwaani, na huko hapana awezaye kumsahihisha.