Sifa za Kimya cha Wakala wa Ajira

Washairi wa pwani wameusifu mnazi kuanzia mzizi hadi kuti, na Wabarabaig wa Hanang huwaimbia ng'ombe wao. Kimya cha wakala wa ajira, kile kinachomfika mtu mzima baada ya kutuma maombi ya ukurugenzi, hakijapata hata ubeti mmoja. Ni dhuluma, nami nakusudia kuiondoa. Katika maisha ya mtendaji wa ngazi ya juu anayetafuta kazi hakuna kitu kilicho aminifu kuliko kimya hicho. Hakichelewi, hakiulizi kabila wala dini, hakiombi chai. Kinafika Katesh, kule Hanang, sawasawa na kinavyofika Masaki ya Dar es Salaam, bila kungoja basi la Babati wala kutegemea mnara wa simu.

Kwanza nimtambulishe mwenye kimya. Wakala ninayemsema si yule wa kupeleka vijana viwandani au wasichana Uarabuni. Ni wakala wa daraja la juu, mwenye ofisi ya vioo Dar es Salaam, anayepewa kazi na bodi ya kampuni au shirika aitafutie mtendaji mkuu, mkuu wa fedha au meneja wa kanda. Ufundi huu ulikulia Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili: Sidney Boyden aliufungulia kampuni mwaka 1946, Heidrick & Struggles wakafuata Chicago mwaka 1953, na desturi iliyojengeka tangu hapo ni kwamba anayelipa ni mwajiri, kwa ada inayopimwa kwa mshahara wa mwaka wa kwanza wa atakayepatikana, aghalabu theluthi yake. Mtafuta kazi halipi senti. Ni jambo jema, na ndilo chanzo cha yote nitakayoyasema, maana asiyelipa hana risiti, na asiye na risiti hana pa kudai. Hata hivyo anatakiwa atoe mengine. Mtu aliyeongoza tawi la benki miaka kumi na mitano anaambiwa aambatanishe cheti cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, na nakala zote zigongwe muhuri wa wakili. Anatakiwa aseme analipwa kiasi gani sasa na anatarajia kiasi gani, ilhali tangazo lenyewe limeuficha mshahara nyuma ya neno "mnono". Ataje wadhamini watatu na namba zao za simu. Akishatuma, kimya kinaanza.

Fadhila yake kuu, ambayo peke yake ingetosha kukijengea mnara, ni kwamba kimya hiki ni ajira kamili. Tuupime ushahidi. Ajira ina saa za kazi: anayengoja simu ya wakala yuko kazini toka saa mbili asubuhi hadi jua linapozama, hana ruhusa ya kuzima simu wala kuipuuza namba ngeni, na akiwa shambani Endasak lazima alime upande wenye mtandao. Simu ikiita anaipokea kwa sauti ya kikaoni, na anayeongea ni kijana wa kampuni ya mikopo ya simu anayemkumbusha deni la shemeji yake. Ajira ina muundo wa kupanda vyeo. Wiki mbili za mwanzo yuko daraja la chini, liitwalo "bado wanapokea maombi". Mwezi wa kwanza ukiisha anapanda kuwa "wanachuja". Mwezi wa pili ni mwandamizi: "bodi haijatimiza akidi". Mwezi wa nne anafika ngazi ya upekuzi, ambayo ni ya heshima kubwa, kwa sababu anaanza kuamini kwamba wamekwisha kuja watu kumuulizia mtaani, na kila mgeni anayenunua soda dukani kwake anaagwa kwa adabu isiyo ya kawaida. Hakuna aliyempandisha. Kimya chenyewe ndicho kimempandisha, bila fomu ya OPRAS ya kupima utendaji wala kuhangaika na mrithi wake, PEPMIS. Kwenye makato ndipo kinapoishinda kila ajira nyingine nchini: malipo yake ni matumaini, na matumaini hayatozwi kodi ya asilimia 30, wala Bodi ya Mikopo haijagundua namna ya kuyakata asilimia 15 yake. Kustaafu nako kumo. Aliyeanza kungoja akiwa na miaka 45 atastaafu kwa hiari akifika 55, akiwa mkaidi atafika 60 kwa lazima, na katika muda wote huo hatapata barua hata moja ya kumwambia kwamba hahitajiki. Ni mtumishi gani wa Serikali mwenye uhakika wa namna hiyo? Watumishi 9,932 waliotajwa mwaka 2017 kuwa na vyeti vya kughushi walikuwa na mikataba, ofisi na vitambulisho, wakaondolewa kwa tamko la siku moja. Anayengoja hatumbuliwi.

Fadhila ndogo nazitaja kwa haraka. Kimya hakina makosa ya kisarufi. Kinaokoa karatasi na bando. Kinampa mama watoto jibu la kudumu kwa majirani, "bado wanashughulikia", na kinawazoesha watoto kula bila kelele baba akiwa na simu mezani. Pia kinakuza... Hapana. Jibu la mistari miwili linagharimu nini? Mtu amelipa wakili. Amewasumbua wadhamini, mmoja wao mkuu wake wa sasa, ambaye tangu alipopigiwa simu anamtazama kwa jicho la kumuaga. Amepanda basi hadi Dar es Salaam kwa nauli yake, akasailiwa na watu watano waliotabasamu, akaulizwa kama anaweza kuanza mwezi ujao, kisha dunia ikazimika. Haikuja "hapana", haikuja "subiri", haikuja "nafasi imefutwa". Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ni dhahiri hawakuwahi kuomba ukurugenzi. Huu ni ushenzi uliovaa tai, na kuuita weledi ni kumtukana kila karani wa masjala aliyewahi kujibu barua kwa tarehe. Lakini nimeahidi sifa. Turudi kwenye adabu.

Watetezi wa wakala, ambao wengi wao kazi wanazo, watasema maombi ni mengi mno kujibiwa. Hoja inapendeza mpaka utazame mahali ambapo maombi ni mengi kwelikweli. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji iliwaita vijana zaidi ya 10,000 Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70. Mwaka 2025 watu zaidi ya 135,000 waliomba nafasi 1,596 za Mamlaka ya Mapato. Aibu ya namba hizo ni ya aina nyingine na haimhusu wakala. Linalomhusu ni hili: Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, inayohudumia makundi kama hayo, hubandika majina ya walioitwa kwenye usaili, na asiyeliona jina lake huambiwa na tangazo lilelile kwamba hakuchaguliwa na asisite kuomba tena. Kijana aliyemaliza chuo juzi, akiwa ameketi kwenye chumba cha intaneti Katesh, anaisoma orodha, anaumia, anakunywa chai, anaomba pengine. Mwenye miaka 50, aliyeomba kiti kimoja pamoja na watu wanaohesabika kwa vidole, ndiye asiyejibiwa. Kadiri waombaji wanavyopungua ndivyo kimya kinavyonenepa. Basi wingi si sababu yake.

Hoja ya pili ina uzito: wakala analipwa na mwajiri, kwa hiyo wajibu wake uko kwa mwajiri. Naikubali, na kwa kuikubali nalazimika kumtoa wakala kizimbani, maana inaonyesha kwamba kimya si mali yake, amekodishwa tu kukitunza. Mwenye mali ni bodi. Bodi ingeweza kumruhusu ajibu, lakini kujibu kunavuta swali la pili, "kwa nini?", na hilo ndilo bodi nyingi haziwezi kuliandikia barua. Mara nyingi kwenye kiti kinachotangazwa amekaa mtu tayari, naye anaitwa kaimu. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinataka ukaimu usizidi miezi sita, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimekuwa zikirudia kutaja taasisi zenye makaimu waliopitiliza muda huo. Kiti kikija kutangazwa, msomaji mzoefu wa matangazo anaitambua sare iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mmoja: shahada ya uzamili ya fani fulani tu, miaka saba katika sekta hiyohiyo, umahiri wa mfumo wa hesabu unaotumika katika ofisi hiyo na si kwingine, na siku kumi na nne za kuomba. Wasipompitisha kaimu, kuna vimemo vya wakubwa. Wakala anakodiwa ili mchakato uonekane wa ushindani, na ushindani wa mtu mmoja hausomeki vizuri kwenye muhtasari wa kikao. Wanahitajika wengine watatu au wanne wenye sifa nzuri, waitwe, wasailiwe, wapewe alama, washindwe. Kumbe nilikuwa sahihi kuliko nilivyodhani: anayengoja aliajiriwa kweli. Cheo chake ni mshindwa wa kuhesabiwa, na kazi yake iliisha siku ya usaili. Sisemi kila nafasi iko hivyo. Zipo bodi zinazotafuta mtu kwa dhati, zikampata mgeni asiye na mjomba, lakini bodi za namna hiyo ndizo zisizo na sababu ya kunyamaza.

Hanang inaijua thamani ya kujibiwa vibaya. Shirika la umma la chakula na kilimo, NAFCO, lilipochukua malisho ya Wabarabaig kwa ajili ya ngano, wanakijiji wa Mulbadaw walifungua kesi Mahakama Kuu Arusha mwaka 1981. Walishinda, kisha Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi wao, na miongoni mwa sababu ilizotoa ni kwamba wengi wa wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji wa nchi hii. Ni sababu ya kumfanya mtu asome mara mbili kuhakikisha macho yake ni mazima. Lakini iliandikwa, ikachapishwa kwenye ripoti za sheria, ikapewa namba, na wanasheria wanaibishia hadi leo. Sababu mbaya ina mahali pa kushikwa. Kimya hakina, wala hakikatiwi rufaa, na hapo ndipo ninapoiona hekima ya bodi: haikosi muda wa kuandika, inakwepa kuacha maandishi.

Atainuka mtu aulize Katesh ina watendaji gani wa ngazi ya juu, mji wa mnada na alizeti chini ya mlima. Aulize mashamba yaleyale ya ngano. Kwa msaada wa Kanada yalifika saba, Basotu, Setchet, Mulbadaw na wenzake, ekari kama 100,000, na kila moja lilikuwa na meneja, wahasibu na mafundi wakuu wa mitambo. Mashirika ya umma yalipobinafsishwa, mengine yakaenda kwa wawekezaji, mengine yakarudi mikononi mwa wananchi, na vyeo vile havikugawiwa pamoja na ardhi. Leo kuna mameneja wa benki, wakuu wa miradi, viongozi wa ushirika, na upande wa Mbulu kuna Hospitali ya Haydom, ambayo tangu miaka ya 1950 imehitaji watu wa kuongoza taasisi kubwa mbali na mji mkubwa. Wapo, na wanapotaka kupanda hawana njia ila sivii na wakala. Ajabu ni kwamba kiti kikubwa kuliko vyote wanavyoviona kwa macho, cha Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, hakiombwi kabisa. Anayekalia aliteuliwa na Rais, na habari zake zilikuja kwenye mkeka, yaani orodha ya uteuzi, uliosomwa simuni usiku na mji mzima. Mkeka una kasoro zake: hausemi vigezo, na aliyemo leo anaweza kutenguliwa kesho kutwa. Lakini unataja jina, asiyekuwemo anajua usiku huohuo kwamba hayumo, na haujawahi kumdai mtu nakala ya cheti cha kidato cha nne ili umdanganye kwamba ulishindaniwa. Nchi ina njia mbili za kuwapata wakubwa wake, na ile isiyojidai kuwa ya ushindani ndiyo inayomjibu mtu mapema.

Sitaki kimya kipigwe marufuku. Nimekisifu sana kiasi cha kuona haya. Naomba mstari mmoja tu uongezwe kwenye kila tangazo la nafasi ya juu, chini ya sifa za mwombaji: kama kiti kina kaimu, amekikalia miezi mingapi, na kama naye anaomba. Mtu wa Katesh akisoma "kaimu yupo, miezi kumi na tisa, anaomba", ataamua mwenyewe kama fedha ya muhuri na nauli aipeleke Dar es Salaam au ainunulie mbegu za alizeti. Bodi zitalalamika kwamba mstari huo utawakatisha tamaa waombaji. Utawakatisha, hasa wale watatu au wanne waliohitajika kwa ajili ya muhtasari, na hapo bodi itabaki na wakala wake, ikimlipa theluthi ya mshahara wa mwaka kwa kumsaka mtu anayekaa chumba cha pili.