Tajiri, Mashine Yako Haina Pumzi

Jirani, sogea kidogo kwenye hilo benchi. Mwambie Mangi aniandikie soda moja kwenye daftari. Najua kuna deni. Aandike tu.

Nakupa wosia wa bure. Usinunue mashine ya boti kwa shemeji. Hata akiapa. Hata dada yako akiwa pembeni anaitikia kwa kichwa. Wangu aliniambia mashine ilikuwa ya mzungu, alikuwa anaitumia wikiendi tu. Ulizia mashine yoyote kuukuu ukanda huu wa pwani, utaambiwa ilikuwa ya mzungu wa wikiendi. Sijui ni mzungu yupi huyo. Sijui alikuwa na boti ngapi. Ila Jumatatu lazima alikuwa hoi.

Basi nikanunua. Mashine ya hospawa 40, tu-stroki, silinda mbili, ya kuvuta kamba. Umri wake haujulikani. Kava limepigwa rangi mpya, linang'aa, na mimi kitu kikishang'aa huwa siulizi tena. Nikaifunga kwenye boti ya faiba pale Kunduchi. Kuanzia hapo naitwa tajiri. Usicheke. Pwani mwenye chombo ndiye tajiri, hata kama kandambili alizovaa kaazima.

Sasa ugonjwa wenyewe. Asubuhi unaiwasha, inasumbua kidogo, inawaka. Ikiwa haina mzigo inanguruma mpaka kunguru wanahama. Unafurahi. Unapakia watu wanne na deli la samaki. Unatia moto. Omo inapanda juu, tezi inataka kunywa maji, mashine inalia, povu linachemka nyuma, halafu kisiwa cha Mbudya kiko palepale. Mwezi wa saba, Kusi imekaza, nikapeleka watu hukohuko Mbudya. Mbudya tuliiona. Tulipita kwa pembeni. Upepo unatusukuma kaskazini, mashine inanguruma tu, abiria mmoja kashaanza kuulizia nauli ya daladala kutoka Bagamoyo. Tukaja kuokotwa na boti ya dagaa, ikatuvuta kwa kamba, mchana kweupe. Dagaa walifika nchi kavu kabla yetu.

Na pale Kunduchi kila mtu ni daktari wa mashine, isipokuwa mwenye mashine. Wa kwanza akasema plagi. Nikanunua plagi. Wa pili akasema petroli ina maji. Nikamwaga petroli, na roho inaniuma. Wa tatu akasema kabureta. Ikafunguliwa, ikapulizwa, ikarudishwa, skrubu moja ikabaki mkononi. Akaniambia hiyo ni ya ziada, kiwandani huwa wanaweka ya ziada. Nikamshukuru. Wa nne akasema koili. Wa tano akasema propela. Mama anayekaanga samaki akasema mashine imepigwa husuda. Huyo peke yake hakudai hela.

Ndipo akaja fundi mmoja mtu mzima. Hakufungua hata bolti. Akamwita mtoto aliyekuwa anapita na sare zake za shule. "Dogo, hebu vuta." Mtoto mkono mmoja kashika barafu ya ukwaju, mwingine akavuta kamba ya mashine yangu. Ikatoka laini kama uzi wa chai ya mfuko. Hakuacha hata kulamba. Mimi kamba hiyohiyo huwa naivuta nimeegemeza mguu, nakunja uso, naomba watu wanipishe.

Fundi akasema mashine ya 40 yenye afya inakunyima kamba. Kila mzunguko unakutana na sehemu ngumu mara mbili, silinda moja moja. Hii hainyimi mtu. Akanitazama, akatazama kandambili. "Tajiri, mashine yako haina kompresheni."

Nikamwambia sawa, ninunue ngapi?

Watu wakacheka. Sijui walicheka nini. Nikapanda bodaboda mpaka duka la spea, nikamwambia kijana anipe kompresheni ya mashine ya 40, orijino, feki sitaki. Yule kijana hakucheka hata kidogo. Ana malezi. Akaniuliza, "Ya juu au ya chini?" Nikasema zote. Akasema ya juu imeisha, mzigo uko njiani unatoka Dubai, niache advansi. Nikaacha. Mpaka leo namdai.

Niliporudi fundi akanieleza taratibu, kwa ile sauti ya kuongea na wajukuu. Pistoni ikipanda ndani ya silinda inabana hewa na petroli. Ikibana vizuri, cheche ya plagi ikilipua, pistoni inarudishwa kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayozungusha propela. Pistoni imevishwa ringi ili hewa isipite ubavuni. Sasa ringi zikilika, au zikiganda kwa masizi, au ukuta wa silinda ukikwaruzika, au gasketi ya hedi ikiungua, hewa inatoroka kabla ya kazi. Cheche ipo, petroli ipo, kelele zipo, kazi hakuna. Nikamwambia hiyo ofisi nimewahi kuajiriwa. Hakucheka.

"Tupime," akasema. Kumbe kuna kipimo! Geji ndogo tu, ina mpira na uzi wa kufungia kwenye tundu la plagi. Dakika kumi umemaliza. Mimi nimenunua plagi, nimenunua koili, nimenunua propela, hakuna mtu aliyenitajia geji. Wangenitajiaje? Geji ikishasema, washauri wote wanabaki hawana kazi.

Utaratibu ni huu. Mashine iwashwe kwanza ipate joto. Kisha plagi zote mbili nje, siyo moja. Waya za plagi ziegeshwe kwenye chuma cha injini, zisining'inie, koili isije ikaungua. Moto ufunguliwe wote ili silinda ivute hewa ya kutosha. Halafu vuta kamba, tena na tena, mpaka mshale uache kupanda. Fundi aliyasema yote hayo. Mimi masikio yangu yalishika "vuta kamba".

Nikavuta. Geji ikasoma vitu vya aibu, silinda zote ziko chini. Fundi akauliza, "Ulifungua moto?" Moto gani tena, mashine si imezimwa? Akashusha pumzi. Akaufungua mwenyewe. Halafu waya mmoja ulikuwa unaning'inia, nikaushika niuweke pembeni kistaarabu, na dogo wa barafu naye akachagua dakika hiyo kuvuta kamba. Jirani, nilipigwa shoti nikawasalimia watu wa Pemba. Hakuna aliyenipa pole. Mama wa samaki akasema tu, "Si niliwaambia?"

Tukapima upya. Silinda ya chini, pauni 118. Silinda ya juu, 65. Fundi anasema mashine nyingi za zamani za aina hii zikiwa nzima zinacheza kwenye 100 mpaka 130 hivi, lakini usikariri namba, maana geji zenyewe hazisemi lugha moja. Tazama tofauti. Silinda za mashine moja zisipishane zaidi ya asilimia 10, au 15 kama una moyo wa uvumilivu. Zote zikiwa chini kwa usawa, basi ni uzee, au geji mbovu, au mpimaji mbovu. Alipofika kwenye mpimaji mbovu alinitazama kwa muda mrefu. Zangu zimepishana karibu nusu kwa nusu. "Tajiri," akasema, "hapa una mashine ya 20 imebeba uzito wa 40."

Akamimina kijiko cha oili kwenye tundu la silinda ya juu. Vuta tena. Bega langu hilo linavuta, yeye anasoma. Sitini na tano ikapanda mpaka 95. Akaeleza kwamba oili imeziba ule mwanya kati ya ringi na ukuta, kwa hiyo wizi unafanyika hapo. Isingepanda, tungeikamata gasketi ya hedi. Nikashangilia. Akaniambia niache kushangilia, gasketi ndiyo ingekuwa nafuu.

Hedi ikafunguliwa. Akaniambia nipitishe kucha kwenye ukuta wa silinda ya chini. Kucha ikateleza vizuri. Ya juu, kucha ikanasa. Mikwaruzo imesimama wima toka juu hadi chini, alumini ya pistoni imeyeyuka ikajipaka juu ya ringi, ringi imeganda kwenye mfereji wake, haitikisiki. Njia za maji zimeziba kwa chumvi. Fundi akawa anakwangua kwa bisibisi, inadondoka mapande, mama wa samaki akauliza kama naitupa. Impela ya pampu ya maji, ile ya mpira, imebakiwa na mabawa mawili.

"Ilikuwa inakojoa?" fundi akauliza.

Unaujua ule mrija mdogo ubavuni, unatema maji mashine ikiwa kazini. Nikamjibu kwa fahari kwamba yangu ina adabu, haina tabia hiyo. Pwani nzima ikanyamaza. Kumbe ile mikojo ndiyo ushahidi kwamba maji ya kupoza injini yanazunguka. Yanapandishwa kutoka chini, kwa hiyo yakipungua, silinda ya juu ndiyo ya kwanza kukosa, inachemka, inaungua. Sasa mimi ningejuaje? Boti za wenzangu zinakojoa mbele za watu, yangu imetulia, mzazi gani angelalamika?

Akauliza kama huwa naisuuza kwa maji baridi ikitoka baharini. Nikamuuliza kama anajua dumu la maji linauzwa bei gani. Mimi mwenyewe naoga nusu ndoo. Akauliza oili nachanganyaje. Nikamwonyesha kifuniko cha dumu, nakadiria kwa jicho, na jicho langu lina huruma na mfuko. Akashika kichwa. Akasema lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, kwa hiyo dumu la lita 20 linataka mililita 400. Nikauliza hizo ni vifuniko vingapi. Akaenda kuvuta sigara.

Silinda zikapelekwa kuchongwa. Zote mbili, maana ukichonga moja unamdhulumu mwenzake. Pistoni mpya za ovasaizi, ringi mpya, gasketi mpya, impela mpya. Bei usiniulize, nina presha. Shemeji nilimpigia. Akasema ilipotoka kwa mzungu ilikuwa nzima.

Siku ya kufunga, dogo akaitwa tena. Safari hii alivuta kwa mikono miwili, kamba ikamrudisha, barafu ikaanguka mchangani. Nikailipa mimi. Geji ikasoma silinda zote mbili zinakaribiana, watu wakapiga makofi, nikaona sasa Mbudya itanitambua. Nikashika mkono wa moto. Fundi akaniwahi. "Taratibu, tajiri. Saa kumi za kwanza hakuna kutia moto wote. Ringi mpya lazima zizoeane na ukuta. Na oili uweke mara mbili, mililita 800 kwa dumu."

Jirani, nisikilize vizuri. Nimechongesha, nimelipa, nimepigwa shoti, ili niende mwendo uleule niliokuwa nakwenda mashine inaumwa. Kwa oili mara mbili! Jana niko njia ya Mbudya, moshi mzito nyuma, ngalawa yenye tanga la viraka ikanipita. Mzee kwenye usukani akanipungia mkono. "Tajiri, naona mashine imetengemaa!"

Nikamwamkia shikamoo. Kabla hajaitikia, abiria wangu mmoja akamuuliza kama ana nafasi.