Daktari wa Viporo: Mkate Hauna Siri

"Shikamoo Daktari. Jumapili tulibakiza rosti ya nyama nusu sufuria, na kwenye friji kulikuwa na kipande cha chizi kilichoanza kukauka pembeni. Nikakanda unga, nikaijaza rosti yote humo pamoja na chizi, nikaoka. Juu mkate ulipendeza, chini ulikuwa uji. Chizi ilimwagikia kwenye treya ikaungua. Mume wangu alikula kwa kijiko na hakusema kitu, na hilo ndilo linaloniuma. Nimekosea wapi? — Mke wa Mtu Mkimya, Tabata, Dar es Salaam."

Marahaba, Mke wa Mtu Mkimya. Mumeo asikunyime usingizi. Mtu anayemaliza sahani bila kusema ana yake moyoni, lakini hana shauri la kupeleka kwa wazee. Meza ya Daktari wiki hii ina barua tano za mkate wa kujazwa nyama na jibini, na ukiondoa majina na miji, nyingi zinalalamikia ugonjwa mmoja. Waandishi wake wanaamini kwamba chakula kilichobaki kikishavikwa unga na kutiwa jibini kimesamehewa kila kitu: umajimaji wake, umri wake, hata kukosa ladha kwake. Nitawajibu wote kwa hoja moja, na ada ni ileile ya siku zote, yaani hakuna. Kinachoingia ndani ya mkate kinatakiwa kiwe kimekwisha kuwa chakula kizuri kabla hakijafungwa. Kiwe kikavu, kimepoa, kiko salama, na kiwe kitu ambacho ungekila hivyo hivyo kwa vidole, umesimama mbele ya friji wakati wenzako wamelala. Unga hauponyi.

Tuanze na uji wa Tabata. Nyanya ni maji kwa asilimia 94 hivi, kitunguu kinakaribia 90, na rosti ni nyanya na vitunguu vilivyopikwa mpaka vikaachia maji hayo yakawa mchuzi. Mchuzi huo ukikutana na wali ni neema. Ukikutana na unga mbichi ni balaa, na hesabu yake ni nyepesi. Gramu 500 za unga wa ngano hukandwa kwa mililita 300 hivi za maji. Ukitia ndani yake kikombe kimoja cha mchuzi, mililita 250, umekaribia kuyafanya maji maradufu, tena yote yakateremkia chini, mahali ambapo mkate ulitakiwa kupata ganda. Penye maji, joto halivuki nyuzi 100 za Selsiasi mpaka maji yenyewe yakauke, na ganda la kahawia linataka joto kubwa zaidi ya hilo. Kwa hiyo oveni haikukosea, na hamira haikukosea. Mkate ulikuwa unaokwa kwa nje huku unachemshwa kwa ndani. Dawa iko kwenye sufuria, kabla unga haujatoka kabatini. Irudishe rosti motoni bila mfuniko, nyama uikatekate ndogo au uichambue nyuzinyuzi, ukoroge mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia yake ibaki wazi, mchuzi usikimbilie kuifunga. Ikiwa unyevu bado upo, sugua kipande cha mkate mkavu uliobaki, nyunyiza chenga zake humo zifyonze. Nao ni kiporo, na hapa kimepata kazi. Kisha iache ipoe kabisa, maana nyama ya moto huanza kuyeyusha jibini na kulegeza unga ukiwa bado mezani, na ndipo mishono inapoachia.

Anayeona haya ni ya vitabuni aende Forodhani, Unguja, jioni, asimame karibu na wapishi wa piza ya Zanzibar, chakula ambacho licha ya jina lake kina undugu na mutabaki ya Waarabu kuliko na piza ya Napoli. Mpishi analivuta donge dogo la unga mpaka linakuwa jembamba, kisha katikati anabandika kipande cha pili cha unga, kidogo, kabla ya kuweka kitu chochote. Ndipo inakuja nyama ya kusaga kiasi, kitunguu, hoho, jibini laini, na yai. Pande zinakunjwa, inakwenda kwenye chuma cha moto. Kile kipande cha pili ndicho kinachobeba uzito na unyevu ili unga wa nje usitoboke. Angalia pia uchache wa nyama yenyewe: hakuna anayemwagia humo nusu sufuria. Mtu anayeuza mbele ya foleni ya watu wenye njaa hawezi kuruhusu mkate upasuke mbele ya macho yao, na kila hatua yake imepangwa kulizuia hilo. Najua msomaji mkorofi atasema: mbona yai bichi ni majimaji, na linamiminwa humo humo? Ni kweli, lakini yai huganda likifika kwenye nyuzi 60 na kitu, na likiganda linavishika vilivyolizunguka. Mchuzi ndani ya oveni hauna nyuzi zozote ambapo utaganda. Ndiyo maana nyama yako iliyokaushwa ikionekana kuchambuka na kukataa kukaa pamoja, yai moja lililopigwa ni halali kabisa. Kikombe cha mchuzi si halali hata kikiwa na nazi.

Kutoka Mombasa, Bi Harusi wa Zamani anaandika kwamba alikusanya mabaki ya jibini ya aina tatu, akayaweka yote. Cheda kongwe iliyobaki kwenye hafla ilitoa mafuta tele, jibini nyeupe aliyoitengeneza mwenyewe kwa kukatisha maziwa kwa ndimu haikuyeyuka hata kidogo, na vile vipande vya pembetatu vya watoto vikalainika vizuri. Anauliza kama duka limemuuzia bandia. Hapana, Bi Harusi; kila moja ilifanya kazi yake ya asili. Jibini ni wavu wa protini ulioshika mafuta na maji. Katika cheda kongwe wavu huo umekatwakatwa na vimeng'enya kwa miezi mingi, na ndiko ladha yake kali inakotoka, lakini ukipata joto hauna tena nguvu ya kushika mafuta. Katika jibini ya ndimu, tindikali imeondoa kalisi iliyokuwa inaufanya wavu uweze kulegea, basi joto linaukaza badala ya kuuyeyusha. Vile vya pembetatu vimetengenezwa kwa ufundi ulioanzia Uswisi mwaka 1911, wa kuisaga jibini upya pamoja na chumvi maalumu zinazoyafungamanisha mafuta na maji, na ndiyo sababu ya ulaini wake. Hakuna hata moja ya kutupa. Ya ndimu ichanganye na nyama uihesabu kuwa sehemu ya nyama. Kongwe ikwaruze nyembamba, itie kidogo kwa ajili ya ladha, pamoja na kijiko cha unga wa mahindi laini wa kunyonya mafuta. Kazi ya kuvutika iachie jibini changa isiyo na maji mengi: cheda changa, gauda, au mozarela kavu. Mozarela mbichi inayouzwa ndani ya maji yake ni maji zaidi ya nusu, na tumekwisha kuona maji yanafanya nini Tabata.

Na tafadhali, mwenye kuwaza kwamba jibini ni gundi ya kuziba mkate, aache. Jibini huanza kulegea mapema sana, kabla unga haujaiva na kujishika, kwa hiyo ikikaribia mshono ndiyo itakuwa ya kwanza kutoroka. Acha ukingo mtupu wa upana wa vidole viwili, upake maji, ubane, ukunje mara moja tena, kisha upande wenye mshono uulaze chini. Nyama chini, jibini juu yake. Tundu dogo la mvuke juu ya mkate ni lazima, kwa sababu mvuke ukinyimwa mlango hutafuta dirisha.

Sasa barua iliyomfanya Daktari anyooshe mgongo, ya Mhasibu Asiyependa Mzaha wa Nairobi. Anasema: "Mnatuambia tuokoe nyama ya jana kwa kununua jibini, unga, hamira na gesi. Jibini peke yake ni ghali kuliko nyama yote inayookolewa. Huo si ubanifu, ni matumizi yaliyovaa kanzu." Bwana Mhasibu, kwa mtu anayetoka nyumbani kwenda kununua jibini ili kiporo kisiharibike, una haki, na wala sitafuti pa kujificha. Hoja yangu haimtetei mtu huyo. Nimesema nyama iwe chakula kizuri peke yake kabla ya kufungwa. Ikiwa hivyo, jibini inakuwa ziada, na usipokuwa nayo mkate haupungukiwi heshima. Weka viazi vilivyopondwa, au yai la kuchemsha lililokatwa, au usiweke kitu. Tunachozungumzia ni ile pembe ya jibini iliyokwisha kununuliwa, inayokauka pembeni kwa wiki nzima huku kila mtu akiifunika vizuri zaidi na hakuna anayeila. Hiyo haina bei tena ila kwenye pipa la taka. Tena mapipa hayo si ya mzaha: shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yako hapo hapo kwenu Gigiri, lilikadiria katika ripoti yake ya 2024 kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Hazikutoka kwenye hoteli, wala kwenye karamu za wakubwa, bali kwenye friji za watu waliokuwa na nia njema. Gesi ndiyo inayobaki kwenye hesabu yako, na hapo nakubali tena: kuwasha oveni kwa ajili ya mkate mmoja ni anasa. Oka siku ambayo oveni inawaka kwa kazi nyingine, au fuata ushauri unaofuata.

Unaofuata ni wa Mpangaji wa Chumba Kimoja, Eldoret, asiye na oveni. Kwako ni rahisi kuliko unavyodhani. Gawa donge, tengeneza mikate midogo, bapa, ya ukubwa wa kiganja, uiweke kwenye chuma cha chapati kwa moto mdogo, ufunike, ugeuze mara unga wa chini unapopata madoa. Mwenye jiko la mkaa anaweza kuoka mkubwa ndani ya sufuria nzito, makaa machache chini na mengi yakipaliwa juu ya mfuniko, kama wapikavyo mkate wa kumimina wa pwani. Usijaze sana. Hilo tu.

Nimemwacha wa mwisho kwa makusudi. Mwenye Sufuria, wa Morogoro, anaeleza kwamba nyama yake ilipikwa jioni, ikalala juu ya jiko mpaka asubuhi kwa kuwa friji ilijaa soda, na sasa ina harufu "ya mbali kidogo." Anauliza kama jibini nyingi na moto mkali wa oveni vitaisafisha. Hapa ndipo imani ya kuficha inapoacha kuwa kichekesho. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, kihifadhiwe chini ya nyuzi 5, na kikipashwa moto kifike nyuzi 70 mpaka katikati. Msisitizo uko kwenye zile saa mbili, maana baadhi ya bakteria, kama Staphylococcus aureus, huacha ndani ya chakula sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Bakteria wenyewe utawaua, sumu yao utaila. Wali una mkasa wa namna hiyo hiyo, kwa hiyo ule wa jana uliolala nje nao usiingie kwenye mkate wa mtu. Utaniambia mabibi zetu walikula viporo na chai ya asubuhi wakaishi miaka mingi. Wengi wao hawakulala kabla ya kuichemsha tena mboga usiku ili isichache, wakaichemsha tena alfajiri. Kazi ya friji waliifanya kwa kuni na kwa kukosa usingizi. Na wale ambao kiporo kiliwashinda hawakubaki kuja kutoa ushahidi.

Kwa hiyo, Mwenye Sufuria, imwage, mbwa wa jirani asipewe, sufuria ioshwe kwa maji ya moto. Jumapili ijayo toa soda mbili kwenye friji, gawa nyama iliyobaki kwenye bakuli pana ipoe haraka, na iingie kwenye friji kabla saa mbili hazijaisha. Jumatatu ikaushe, ipoze, ifunge, na uandike tena kueleza ilikuwaje. Kuhusu hii ya sasa, jibu la Daktari ni hapana, hata ukiongeza jibini.