Utetezi wa Betri Iliyoanikwa

Nakuru ilikuwa na kiwanda cha Eveready kilichotengeneza mawe ya redio na tochi kwa miongo kadhaa, hadi kilipofungwa mwaka 2014, betri za bei rahisi kutoka nje zikiwa zimejaa sokoni. Ungetarajia mji uliozaa betri ujue pia kuzizika. Wapi! Kuanzia Kaptembwo hadi Molo, jiwe likiisha nguvu huanikwa juu ya bati kando ya mahindi, likagongwagongwa, na likizidi ukaidi huumwa kwa meno. Wasomi huwacheka wanaofanya hivyo. Mimi nawatetea, angalau kwa aya moja. Jiwe la redio ni kopo la zinki lenye kijiti cha kaboni katikati, na baina ya viwili hivyo unga mweusi wenye manganizi uliolowa kemikali. Likifanya kazi mfululizo, uchafu wa kemikali hujazana karibu na kijiti kabla unga haujawahi kuumeza. Lipumzishe, unga utamaliza kazi yake. Lipashe moto kidogo, kemikali zitachangamka. Ndiyo maana redio iliyokata roho katikati ya salamu huweza kufufuka ikasoma habari, pengine hata matangazo ya vifo. Jua hupewa sifa zote, na mapumziko hayashukuriwi na mtu. Baridi nayo huzubaisha betri: tochi iliyogoma alfajiri huko Molo inaweza kuwaka ikishateremka Nakuru, bila mhubiri yeyote kudai muujiza.

Mtu atasema huko ni kuahirisha kifo tu. Ni kweli, na kuahirisha kuna gharama. Kopo lile la zinki ndilo chakula cha betri yenyewe: huliwa kutoka ndani mpaka litoboke, na jua kali pamoja na alama za meno huharakisha siku hiyo. Majimaji yakivuja hula vyuma vya redio, na aliyekwepa kununua mawe mawili hujikuta kwa fundi akiulizia redio nzima. Kuchanganya jiwe jipya na kuukuu huleta balaa hilo hilo, kwa kuwa jipya huendelea kulisukuma lililokwisha. Betri ndogo zilizochoshwa na tochi ni heri zihamishiwe saa ya ukutani, ambayo haiombi umeme mwingi.

Utetezi wangu unakomea mlangoni pa simu. Betri ya simu ni ya lithiamu, nayo haina undugu na jiwe la redio. Joto huizeesha, kwa hiyo dashibodi ya gari lililoegeshwa juani si mahali pake. Ndani yake kuna utando mwembamba unaotenga chanya na hasi. Jino au sindano ikiupasua, hizo mbili hukutana, na moto unaweza kuwaka. Watu watakwambia fundi fulani alitoboa betri iliyofura na simu ikaendelea kufanya kazi. Hata matatu isiyo na breki hufika Naivasha siku nyingine. Kufura ni gesi ya kemikali zilizoharibika. Kuitoa hakurudishi kilichoharibika. Na ile simu iliyofungwa rababendi ili mgongo wake usifunguke imekwisha kujitangaza mgonjwa. Ichomoe kwenye chaji, izime, uitoe chini ya mto, halafu rababendi uirudishe kwenye noti zako.