Vipimo vya Hewa ya Kolwezi: Jaribio la Uainishaji

Kati ya Juni na Septemba hewa ya mji wa migodi wa Kolwezi haiainishiki. Moshi wa moto wa pori, moshi wa matanuri ya makala, gesi ya salfa ya kuyeyusha shaba na vumbi jekundu la malori vimeoana hata hakuna ajuaye mtoto ni wa nani. Basi tunaainisha vipimo.

Ngeli ya kwanza: Vipimo vya Angani. VIIRS, chombo cha setilaiti kilichorushwa kwa mara ya kwanza mwaka 2011, hutia alama penye moto kwa vipande vya mita 375. Hupita saa saba na nusu, mchana na usiku. Alfajiri ya Julai, baridi inapokandamiza hewa na moshi kulala juu ya mapaa ya mitaa ya Manika na Dilala, chenyewe kiko mbali. Tena alama hizo ni za moto, si za pumzi: mwindaji wa panya aliyechoma nyasi anaonekana, kifua cha jirani yake hakionekani.

Ngeli ya pili: Vihisi vya Leza. Vidogo, vya bei nafuu, na vina upendeleo. Humulika chembe na kukisia uzito wake kwa jinsi zinavyotawanya mwanga. Moshi huukamata vizuri. Vumbi nene hulipunguzia hesabu. Malori yakishapita mfululizo, namba hubaki ya adabu.

Ngeli ya tatu: Kamba ya Nguo. Shati jeupe la shule, likianikwa asubuhi kando ya barabara ya migodi, hufikia saa sita likiwa na rangi ya tofali. Hapa ndipo vumbi linaposomwa vema. Ila PM2.5, ile chembe inayofika ndani kabisa ya mapafu, haiachi doa kwenye kola. Mama anayefua hana haja ya kikomo cha mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24, alichotoa Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, anahesabu sabuni.

Ngeli ya nne, adimu: Karatasi ya Chujio. Ikipelekwa maabara hutaja wazazi: levoglukosani ni ya kuni na nyasi zilizoungua, shaba na kobalti huunyooshea mgodi kidole. Majibu huja polepole.

Ngeli ya tano: Kidole. Mgodi humnyooshea mchoma pori, mchoma pori humnyooshea mchoma makala, naye huunyooshea mgodi. Ngeli hii ina wataalamu wengi kuliko zote, na haijawahi kukatiwa umeme.