Sifa za Mtembeza Bakuli Mwenye Baiskeli

Mwendesha baiskeli wa hisani husifiwa kwa jasho lake, vilima alivyopanda na malengelenge aliyorudi nayo. Sifa hizo zimekosea mlango. Kukanyaga pedali mchana kutwa ni kazi wanayoifanya wabeba mkaa kila siku, tena na magunia mgongoni mwa baiskeli, na hakuna anayewapigia makofi. Anayestahili kuimbiwa ni mtu huyohuyo, lakini wiki kadhaa kabla ya safari, amekaa na simu mkononi akimwandikia mjomba, shangazi, jirani wa zamani na mtu waliyeachana naye darasa la tano: "Habari za masiku, ndugu yangu? Familia haijambo?" Sote tunajua kinachofuata. Salamu ni hodi tu. Bili iko aya ya pili.

Asiyeamini aitazame Pan-Mass Challenge ya jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwaka 1980 Billy Starr na wenzake, jumla yao 36, waliendesha baiskeli kulikatiza jimbo hilo hadi Provincetown, wakachangisha dola 10,200 za kupambana na saratani. Leo msafara ni wa maelfu, na fedha zilizokwenda Taasisi ya Saratani ya Dana-Farber zimepita dola bilioni 1. Katika miaka yote hiyo hakuna baiskeli iliyotema hata senti. Fedha zimetoka kwa mabinamu walioandikiwa mara ya tatu. Waandaaji wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana kila mwendeshaji hupangiwa kiwango cha chini cha kuchangisha, na kikipungua hufidia mwenyewe. Ukiona ujumbe wake una harufu ya mtu anayezama, basi anazama kweli.

Mwenye busara atauliza: si aombe tu, baiskeli ya nini? Swali zuri, ila linatuumbua sisi. Mwaka 2013 watafiti Christopher Olivola na Eldar Shafir walionyesha kwamba watu huwa tayari kutoa zaidi kwa tukio la hisani litakalowatoa jasho, kama kukimbia maili tano, kuliko lile la kwenda mandari. Mgonjwa peke yake hatutoshi. Tunataka na mtu wa kuteseka kwa ajili yake. Muombaji wetu ameijua tabia hiyo, akajitolea makalio yake, na bado tunamwita msumbufu.

Wapo wanaochukizwa na orodha. Kundi la WhatsApp linaamka asubuhi na kukuta: "1. Baba Mdogo – 50,000 ✅ 2. Mama Neema – ahadi 30,000", kisha namba 3 imeachwa wazi kama kiti cha mbele msibani. Wanasema huko ni kuaibishana. Ni kweli, na kunafanya kazi. Sarah Smith na wenzake walichunguza kurasa za wachangishaji wa London Marathon, wakaona kwamba wastani wa michango iliyotangulia ukipanda kwa pauni 10, anayefuata huongeza kama pauni 2.50. Kwa hiyo anayehakikisha Baba Mdogo mwenye nacho anakaa namba moja ni mchumi aliyehitimu, hata kama hesabu za sekondari zilimshinda.

Pingamizi zito ni la harambee. Kenya iliona michango ya hiari ikigeuka kodi pale aliyeshika daftari alipokuwa chifu au bosi, hadi Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya 2003 ikawakataza kutumia vyeo vyao kuchangisha. Lakini hapo ndipo binamu mwenye kofia ya plastiki anapong'ara. Hana muhuri, hana askari, hawezi kukunyima barua wala kibali. Silaha yake pekee ni tiki mbili za buluu zinazoonyesha kwamba umesoma ukanyamaza. Kudaiwa na mtu asiye na uwezo wowote wa kukudai ni anasa ambayo babu zetu hawakuijua.

Na wale wanaonung'unika kwamba jamaa anakwenda kutalii kwa fedha zetu? Labda. Tanzania, tangu 2002, wapo wanaoupanda Mlima Kilimanjaro na wengine wanaouzunguka kwa baiskeli kuchangia vita dhidi ya UKIMWI, na sidhani wanafumba macho wasiione theluji. Kama raha ya kuiona ndiyo inayompa mtu uso mkavu wa kuwakumbusha watu mia ahadi zao za "mwisho wa mwezi", basi bei ni nafuu mno. Mwezi unaisha, naye anakumbusha tena kwa upole uleule. Safari ikishapita hutuma picha yake na medali pamoja na shukrani ndefu, ambazo ni vyema kuzisoma hadi mstari wa mwisho, maana tarehe ya mwakani imeandikwa hapo.