Kiboko na Ndama wa Kwanza

Hapo kale palikuwa na vijiji 30 vya wanyama vilivyozunguka mbuyu mmoja. Kila kiangazi vilishindana kurusha maboga ndani ya tenga lililotundikwa juu ya mbuyu huo. Wazee walikuwa wameweka sheria ya huruma: mashindano yakiisha, makinda wa mwaka ule hupangwa uwanjani, na vijiji vya mkiani hutangulia kuchagua, ili mnyonge naye apate wa kumwinua.

Kiboko, mkuu wa kijiji cha bondeni, aliitazama sheria ile akaona upenyo. Akamwita Nyati, mrushaji wake hodari, akamwambia achechemee. Akamtoa Chui kwa kijiji jirani, badala yake akapewa zamu zao za kuchagua za miaka mitatu ijayo. "Tunajenga upya," akawatangazia wanakijiji. "Vumilieni."

Bi Kanga aliendelea kuja kila jioni na wajukuu, akilipa kibaba cha mtama ili wakae jamvi la mbele, na kila jioni walirudi nyumbani wamefungwa. Siku moja mjukuu mdogo akamuuliza, "Bibi, kwani sisi hatutaki kushinda?" Bi Kanga akakunja jamvi, asimjibu.

Mkia wakaupata. Lakini makinda wa mwaka ule walikuwa wamezaliwa wakati wa ukame. Kiboko alipita mbele yao mara tatu: huyu mfupi, yule mzito, yule analiogopa tenga. Wazee wakabishana hadi jogoo la kwanza, na kwa kuwa zamu haiwekwi akiba, wakamchukua ndama mmoja mwenye bega lililofungwa jani la mgomba. Akapewa boga kabla bega halijapona. Boga lilipoanguka chini, uwanja mzima ukamzomea yeye, wala hakuna aliyemgeukia Kiboko. Misimu minne, vijiji vinne, akatoka mchezoni.

Zamu ya 15 ilikuwa ya Kulungu wa kijiji kingine. Akamchagua Twiga kijana kutoka ng'ambo ya bahari, miguu kama mianzi. Hakumwahidi mtu kitu. Akamlisha, akamfundisha, akasubiri.

Kiboko wangu si timu moja. Katika NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, Philadelphia, baada ya kubomoa kikosi chake msimu hadi msimu, ilishinda mechi 10 tu kati ya 82 mwaka 2015/16. NBA yenyewe ikashtuka: mwaka 2019 ilianza kuzipa timu tatu zilizofanya vibaya zaidi nafasi sawa, asilimia 14 kila moja, ya kupata zamu ya kwanza. Hatua hiyo naiunga mkono, ila haileti mvua. Mwaka wa makinda hafifu unabaki hafifu hata kwa aliyetangulia kuchagua.

Na hata mwaka wa neema, kutangulia si kupata. Sisi Watanzania tunaukumbuka 2009, Hasheem Thabeet wetu alipochukuliwa wa pili na Memphis. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Tulimshangilia Thabeet usiku ule, na bado nasema tulikuwa na haki. Uzito wa zamu ile hakujitwika mwenyewe.

Twiga ni Giannis Antetokounmpo, aliyechukuliwa na Milwaukee mwaka 2013 akiwa na miaka 18. Mwaka 2021 alifunga pointi 50 usiku ambao timu hiyo ilitwaa ubingwa wake wa kwanza baada ya miaka 50.

Ndama ni Anthony Bennett, wa kwanza kuchaguliwa mwaka huohuo wa 2013, na Cleveland. Jina lake hutajwa hadi leo kila watu wanapohesabu makosa ya zamu ya kwanza, kana kwamba alijichagua. Alikuwa na miaka 20. Bega lake lilipasuliwa mwezi Mei, akachaguliwa Juni, na waliomchagua walijua.